Miamba Mizuri ya Kupanda

Vyuo viwili vilinikubali mwaka ule, vyote vya Uingereza, na mpaka leo naamini ningeondoka Musoma bila kikao hata kimoja kama Kiswahili kisingetumia neno lile lile kwa mkulima na kwa mbuzi. Mkulima anapanda mahindi. Mbuzi anapanda jabali. Mimi nilitaka kufanya kama mbuzi, na kila nilipofungua mdomo kulieleza hilo nyumbani kwetu Nyasho, watu walifikiria jembe.

Chuo cha kwanza kilikuwa katika mji mkubwa ambao kila mtu alilijua jina lake kwa sababu ya redio. Cha pili kilikuwa kaskazini, katika mji mdogo wa mvua ambao baba yangu alilitamka jina lake kwa namna mbalimbali, zote za dharau. Vyote vilifundisha shahada ya pili ya jiolojia, na mfadhili alikuwa radhi kunilipia popote. Vitabu vyao vya maelezo vilipofika, niliruka kurasa za maprofesa na maabara nikaenda moja kwa moja kwenye ramani. Ule mji mkubwa ulikuwa umekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, tambarare kila upande. Ule mdogo ulizungukwa na miamba iliyosimama wima, na katika picha moja alionekana mtu amejishika kwenye ufa wa jiwe kwa vidole, miguu imebandikwa ukutani, chini yake hakuna kitu. Niliamua hapo hapo. Kilichobaki kilikuwa kumweleza baba.

Baba hakukwepeka. Ofisi ya madini niliyokuwa nafanya kazi haikuruhusu mtu kwenda masomoni bila mdhamini wa kutia sahihi kwamba atarudi, na kwa binti ambaye hajaolewa mdhamini alikuwa baba mzazi, basi. Mfadhili alitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Bila sahihi ya baba nisingekwenda popote, na baba alikuwa tayari kutia sahihi kwa ajili ya chuo cha redioni tu.

Alikuwa karani wa bandari mstaafu, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku asipokuwa na pa kwenda, na mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri kwa sababu, alivyotuambia, uliwahi kupigwa na kreti gatini. Kiswahili alikijua kwa kukisoma, na alikilinda kana kwamba kulikuwa na watu wanapita kukiiba. Lugha ya nyumbani aliiacha Butiama kwa mama yake. Nyumbani kwake tulizungumza lugha ya taifa, na tuliizungumza sawasawa. Ukisema "hii kiti", chakula kinasimama. Lakini adui yake hasa ilikuwa ile "ga" yetu watu wa Mara. Ukisema "nilikuwaga" anaweka kijiko chini.

"Nilikuwa," anasema. "Hiyo ga umeiokota wapi? Irudishe ulikoiokota."

Huyo ndiye niliyemfuata barazani nikamwambia, "Baba, nimechagua kile cha kaskazini. Kina miamba mizuri ya kupanda."

"Ya kupanda nini?"

"Ya kupanda yenyewe."

Alivua miwani. "Mwamba haupandwi. Kinachopandwa ni mbegu. Umesoma mpaka chuo kikuu cha Dar es Salaam, hujui hilo?"

Nikasema kupanda kama kupanda mlima. Akasema mtu anapanda mlima kwa sababu nyumbani kwake ni upande wa pili, na mimi sikuwa na nyumba upande wa pili wa mlima wowote Uingereza. Najua mtu wa pwani atauliza kwa nini sikutumia kukwea. Nilitumia. Baba alilipima neno, akakubali kwamba ni Kiswahili safi. Kisha akasema, "Kinachokwewa ni mnazi. Huko kuna minazi?"

Niliondoka barazani nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Kupanda kwenyewe nilijifunza Butiama, kwa bibi, na shule yangu ya kwanza ilikuwa njaa ya sabuni na sukari. Ile miaka ambayo Musoma tulipanga foleni dukani bila kujua kinachouzwa, ukipata betri unashukuru ingawa redio huna, baba alinipeleka kwa mama yake kwa sababu kule angalau muhogo na mtama vilikuwepo. Nilipewa mbuzi wa kuchunga. Nyuma ya boma la bibi kuna majabali makubwa ya graniti, yamepandana kama magunia ghalani, na mbuzi wa bibi walikuwa wanafika juu kabisa halafu wanasahau kushuka. Nilikwenda kuwachukua. Kwa desturi za kwetu mwanamke hapandi juu ya paa la nyumba, na watu walioniona walianza kujadiliana kama jabali nalo lihesabiwe kuwa paa. Bibi aliwaambia wakimaliza kujadiliana wakamshushie mbuzi wake. Baba alipopata habari alikuja kwa basi siku ya kazi, jambo ambalo hakulifanya hata kwa msiba, akanirudisha mjini akiwa amekunja uso njia nzima. Nilidhani ni ile desturi.

Lakini nilikuwa nimeshaonja. Sijui niliseme vipi. Kuna jiwe ambalo ukiliangalia kutoka chini halina mahali pa kushika, na ukiliwekea mkono linakuonyesha mahali. Nilisoma jiolojia kwa sababu nilitaka kujua ninashika nini. Halafu wakanipeleka kuisomea Dar es Salaam, kwenye mchanga. Miaka yote ile nilisoma habari za mawe nikiwa sina jiwe la kuegemea. Nilikonda, nikawa na hasira na kila mtu, mwalimu mmoja akanishauri niolewe. Nilichokosa kilikuwa kitu cha kupanda jioni, basi, na niliapa sitasomea tena mahali tambarare.

Niliporudi Musoma kufanya kazi mambo yalikuwa yameshafunguliwa, kila biashara ruksa, na mitumba imejaa hadi Bunda. Pale sokoni Bunda ndipo nilipokuta viatu vyenyewe, vya mpira, vyembamba, nyayo laini kabisa, vinabana vidole mpaka vinajikunja. Vile vile vya kwenye magazeti ya mwalimu wangu Mzungu wa hesabu, ambaye ndiye aliyenifunulia kwamba huko kwao watu wanafanya hivi kwa hiari. Muuzaji, mzee wa kofia na kanzu, alinionea huruma.

"Hivyo vimekosewa kiwandani, binti," alisema. "Havina meno. Utateleza. Chukua hivi vya ngozi."

Nilimwambia nataka hivyo hivyo vilivyokosewa. Akamwangalia jirani yake wa meza ya pili, wakatikisa vichwa pamoja.

Miaka hiyo kila kitu kilipanda: sukari, nauli, mafuta ya taa. Aliyekatazwa nilikuwa mimi tu.

Sasa aingie baba mdogo, ndugu yake baba, mkazi wa Bunda. Kila biashara iliyofunguliwa aliingia. Alianza na mitumba, akaja kwenye sabuni, akaja kwenye betri, na wakati ninaouzungumzia alikuwa ameingia kwenye dhahabu. Alikuwa amechimba shimo, ambalo wachimbaji wanaliita duara, nyuma ya boma la bibi kule Butiama, chini kabisa ya majabali yangu. Tangu niajiriwe ofisi ya madini hakunisalimia bila kutoa jiwe mfukoni. Siyo yeye peke yake. Kwetu ukisoma mawe wewe ni mpiga ramli mwenye cheti. Nimewahi kufuatwa kanisani, wakati wa kusali, na mama mmoja aliyefungua kanga akanionyesha kokoto. Lakini baba mdogo alizidi. Nilimweleza kwamba pale ni graniti tupu, na kinachong'aa ni ulanga, yale magamba mepesi yanayopeperuka ukipuliza. Aliitikia kwa adabu, akaendelea kuchimba.

Jumapili moja alikuja Nyasho akamkuta baba hanisemeshi, mama anatusemesha kwa zamu kana kwamba anapeleka barua. Akauliza kulikoni. Baba akasema, "Mwulize mwenyewe. Ameacha chuo cha maana, anataka kwenda porini. Anasema kule kuna miamba mizuri."

Baba mdogo aliweka kikombe mezani taratibu sana.

Hapo inabidi nieleze jambo ambalo mimi, mtaalamu, nilikuwa nimelisahau. Kwa mchimbaji, mwamba si jiwe lolote. Mwamba ni lile jiwe lenye dhahabu ndani. Mchimbaji akikuambia "nimeupata mwamba", unampa mkono.

"Mizuri kiasi gani?" aliniuliza, sauti ameishusha.

"Mizuri kuliko yote Uingereza," nikasema, kwa sababu ndivyo magazeti yalivyosema, na kwa sababu nilikuwa nimechoka.

"Kaka," alimwambia baba, "huyu mtoto aende huko huko."

Tangu siku hiyo nilipata mtetezi ambaye sikumtaka. Aliitisha kikao, akakiongoza yeye. Alisema wengine wanapeleka watoto mijini wakasomee majengo, sisi wetu anakwenda kwenye mwamba wenyewe, atarudi anaujua kwa macho. Nilisimama nikasema hakuna dhahabu kule. Akatabasamu. Nikasema nakwenda kwa ajili ya kupanda, kwa mikono na miguu, kama mchezo, kama watu wanavyocheza mpira. Akawaambia wote, "Mwacheni. Mambo ya kitaalamu hayasemwi hovyo." Nikapiga meza. Nikasema, "Baba mdogo, nakuapia, ni mawe matupu!" Akanikonyeza. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo alivyozidi kunisifu kwa kutunza siri, na mwishowe mama, ambaye hakuwahi kushabikia jambo lolote, aliniuliza jikoni kwa sauti ya chini kama kweli dhahabu ipo nyingi.

Baba alibaki vile vile. Dhahabu haikumgusa. "Sitii sahihi ya kitu ambacho mwenye nacho hawezi kukisema kwa Kiswahili," alisema. Mwezi ulikuwa unaishia. Nilianza kujiona nimeshakaa kwenye ule mji wa mfinyanzi, natazama jengo.

Baba mdogo ndiye aliyetupeleka Butiama. Alikodi pikapu akatupakia sote, baba mbele, mimi na mama nyuma na mfuko wangu, kwa maelezo kwamba kabla sijasafiri niwaonyeshe mwamba unapita wapi kwenye duara lake, hapo kaka atashawishika. Bibi tulimkuta uani anapepeta mtama. Alikuwa amezeeka sana, na Kiswahili hakukijali hata kidogo. Alisema nasi kwa lugha ya nyumbani, mimi nikimwelewa kuliko nilivyoweza kumjibu, na baba akimjibu kwa maneno mafupi mafupi kana kwamba kuna mtu anamsikiliza.

Tukaenda kwenye shimo. Baba mdogo akashuka, akatoka na konzi ya mchanga unaometameta. Nikapuliza. Yale magamba yakaruka.

"Ulanga," nikasema. "Kama mwaka jana."

"Haya, tuseme ni ulanga," akasema kwa upole, kama anavyosemeshwa mgonjwa. "Sasa mwanangu, sema kweli mbele ya baba yako. Hiyo miamba ya Uingereza unayoisifia, ina nini ambacho huu wetu hauna?"

"Haina kitu!" nilisema. "Haina lolote! Hata huu wetu ni mzuri vile vile!"

Akarusha mikono juu. "Mmesikia? Amesema ni mzuri! Amesema kwa mdomo wake!" Na akaanza kuwaita vibarua wake warudi shimoni.

Nilipandwa na hasira ambayo sikuwahi kuipata kabla. Nilikaa chini, nikafungua mfuko, nikavaa vile viatu vilivyokosewa kiwandani. Nilivua kitenge nikabaki na suruali ya kazini, nikampa mama. Nikaenda kwenye jabali kubwa kuliko yote, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Huku ndiko kupanda!" Nikaanza.

Nilipanda vibaya, niseme ukweli, kwa hasira na kwa haraka. Nilishika ufa wa kwanza, nikafuata ukingo, nikapita pale ambapo jiwe linatoka nje kidogo kama tumbo, mahali ambapo utotoni sikuwahi kuthubutu. Nyuma yangu mama aliita jina la Yesu. Nilipofika juu niligeuka kuwaangalia, nikitegemea kujisikia mshindi, nikaona jinsi lile tumbo la jiwe lilivyokuwa likionekana kutoka juu. Sikuwa na njia ya kushuka.

Baba alikuwa amesogea mpaka chini kabisa ya jabali. Alikuwa amevua kofia. Nilingoja kufokewa kwa Kiswahili sanifu.

Alisema nami kwa lugha ya nyumbani. Katika maisha yangu yote hakuwahi kunisemesha kwa lugha hiyo, na sauti yake ndani yake ilikuwa nyingine, ya kijana. Aliniambia nisirudi nilikopandia. Aliniambia nizunguke nyuma, kuna ufa unaoingia mkono mzima, niufuate mpaka kwenye mkuyu mdogo ulioota kwenye jiwe, niushike shina na siyo tawi. "Mguu kwanza," aliniambia. "Usiangalie huku. Fuata sauti yangu." Na kulikuwa na neno alilokuwa akilitumia kwa lile nililokuwa nalifanya, neno fupi, ambalo halina jembe ndani yake wala mbegu. Mbegu zina neno lake lingine kabisa. Kwa bibi yangu mambo hayo mawili hayajawahi kuchanganyika tangu dunia iumbwe.

Ufa ulikuwepo. Mkuyu ulikuwepo, sasa mkubwa. Nilishika shina.

Nilipotua chini bibi alikuwa ameshafika na ungo wake, anacheka mpaka meno yake machache yanaonekana yote. Alimnyooshea baba kidole. "Hapo hapo ndipo alipovunjia mkono," alisema. "Kwa kushika tawi."

Nikautazama ule mkono wa kreti. Baba akavaa kofia yake.

"Kumbe ulikuwa unataka..." alisema, na akalimalizia kwa lile neno fupi. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, na uso wake wa kila siku ukarudi nao. "Si ungesema tangu mwanzo?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilikaa chini badala yake, nikavua viatu, kwa sababu vidole vilikuwa vinaniuma. Baba mdogo alikuja akachutama karibu nami, akaniuliza kwa kunong'ona kama huko juu nimeuona mwamba.

Kesho yake baba alipiga pasi shati jeupe akanifuata ofisini. Karani wa pale, kijana wa Buhare aliyependa kujua mambo ya watu, alizitazama karatasi, akauliza kwa nini mzee amechagua kijichuo hiki wakati kuna kile kikubwa.

"Huku kuna miamba mizuri," baba alisema.

Kijana akainama mbele, akashusha sauti. "Ya dhahabu, mzee?"

"Ya kupanda."

"Mzee wangu." Karani alicheka, akanitazama mimi nimsaidie. "Mawe yanapandwaga?"

Nilifumba macho. Nilijua kinachokuja. Ile ga ilikuwa imetua mezani pale mbele ya mtu aliyekuwa ameipiga vita maisha yake yote, na nilimsikia akivuta pumzi, nikasikia miwani ikivuliwa.

"Yanapandwaga," alisema baba yangu. "Piga muhuri."